Ripoti ya pigi: bomba limebonyea sehemu mbili, tuanze kuchimba wapi?

Kijana_wa_Valvu:
Habari za jioni wakuu. Naombeni ushauri, keshokutwa nasimama mbele ya bosi. Bomba letu la dizeli la inchi 12 limepitishwa pigi la kupima umbo, kile kifaa kinachosukumwa na mafuta ndani ya bomba kikilikagua, na ripoti imeleta mibonyeo miwili. Mmoja una kina cha asilimia 4.3 ya kipenyo, umeandikwa 6:10. Mwingine asilimia 1.8 tu, umeandikwa 12:20, na pigi la sumaku limeona chuma kimepungua hapohapo. Bosi anataka tuchimbe ule wa kina, huu mdogo usubiri mwakani. Roho yangu inakataa ila sina hoja. Tena kuna kona isiyokuwepo kwenye ramani ya ujenzi. Pigi linaijuaje?

Mzee_wa_Flanji:
Mdogo wangu, roho yako haijakosea. Kwanza, namba hizo ni za uso wa saa ya ukutani: 12 ni mgongo wa bomba, 6 ni tumbo. Usizitafsiri kwa saa zetu za Kiswahili, utakwangua mgongo wakati ubovu uko tumboni.

Wa tumboni mara nyingi ni jiwe lililolaliwa na bomba tangu ujenzi, na bado linalishikilia. Mgongoni ni habari nyingine, hapo hushukiwa jino la ekskaveta. Likishabonyeza, presha ya ndani hulisukuma bomba lirudi kiasi, kwa hiyo milimita 6 unazosoma leo huenda zilikuwa nyingi zaidi siku lilipogongwa. Mchubuko ndio unaobaki, na ufa huanzia humo.

Dada_Sensa:
Kuhusu kona: pigi la umbo lina vidole vimelizunguka, springi zinavibana kwenye ukuta wa bomba. Vikisukumwa upande mmoja tu, ni mbonyeo. Vikisukumwa pande mbili zinazotazamana, bomba limekuwa yai. Kona husomwa na jairoskopu iliyo ndani ya pigi, inayohisi kila linapogeuka, huku magurudumu ya odomita yakihesabu umbali. Tafuta ripoti ya zamani ulinganishe. Kona iliyopindwa na mafundi haisogei, ila udongo unaoteremka mlimani hulipinda bomba kidogo kidogo.

Mkaguzi_Mstaafu:
Hoja ya kumpa bosi hii hapa. Kanuni za Marekani za mabomba ya mafuta zinataka mbonyeo wa juu wenye chuma kilichopungua ushughulikiwe mara moja, hata ukiwa mdogo. Wa chini usio na kasoro nyingine hupewa siku 180 ukizidi asilimia 6, na wenu haujafika huko. Mwambie pia habari ya Bellingham, jimbo la Washington, mwaka 1999. Bomba lilikuwa limejeruhiwa na wachimbaji, vipimo vya ndani vikaonyesha kasoro, waliovisoma wakaamua wasichimbe. Petroli ilimwagika ikawaka, wakafa watoto wawili wa miaka 10 na kijana wa miaka 18.

Kijana_wa_Valvu:
Nimefungua data ya vidole sasa hivi. Ule wa 12:20 ni vidole vitatu tu vilivyoshtuka, tena kwa ghafla. Na pale juu pana mtaro wa maji uliochimbwa mwaka juzi! Sisubiri keshokutwa, nampigia bosi usiku huu tushushe presha.

Mzee_wa_Flanji:
Shusheni angalau asilimia 20 kabla jembe halijagusa udongo. Na mkipima mahali pa kuchimba, anzieni kwenye jointi ya weldi iliyo karibu, si kituoni. Odomita huteleza.