Eti "resign" ni kusaini tena! Huyu jamaa na Kimombo chake atatuua

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule yule wa kila kikao, asiyeweza kuona kipaza sauti akakiacha.

Leo tunamuaga mwenzetu aliyeacha kazi. Jamaa kasimama mbele ya watu arobaini: "Re ni tena, sign ni saini. Kwa hiyo mwenzetu anasaini upya na maisha!" Watu wakapiga makofi. MAKOFI!

Nikanyoosha mkono, kwa adabu kabisa. Nikamwambia ndugu, hayo ni maneno mawili. La kusaini tena huandikwa kwa kistari na hutamkwa kwa s. La kuacha kazi lina sauti ya z, asili yake ni Kilatini, resignare, kubandua muhuri, kubatilisha. Likapita Kifaransa, likaingia Kiingereza karne ya 14. Hiyo "re" si tena, ni kufumua kilichofungwa, kama sisi tunavyosema bandika, bandua.

Akanipigapiga begani mara tatu: "Kaa, mdogo wangu, ule keki."

Mdogo wangu! Mimi naoa, yeye yuko darasa la tano! Mwalimu Nyerere alipoacha uwaziri mkuu Januari 1962 akamwachia Kawawa, kumbe alisaini tena? Mara tatu begani, wakuu, kama anatuliza mbuzi wa mnada. Hadi sasa bega linawaka.

Mchele Mbeya: Yote tisa. Keki uliila?

Mleta mada: SIKUILA. Ningeilaje na mkono wake bado uko begani?

Bi Shangazi: Pole baba. Huyo huyo alituambia "abandon" ni mwanamuziki kuhama bendi. Wakati ni Kifaransa cha kale, kuweka kitu chini ya mamlaka ya mwingine. Nilinyamaza, nina watoto wa kulea.

Mzee wa Kahawa: Kiswahili mnacho, mnagombania cha watu. Kuuzulu ni kumtoa mtu madarakani, tumelipata kwa Waarabu. Kujiuzulu ni kujitoa mwenyewe. Basi.

Kigoma Mwisho wa Reli: Na kung'atuka je? Mwalimu 1985 alituletea kutoka Kizanaki.

Altare: Papa Benedict XVI alipotangaza kuondoka, 11 Februari 2013, alitangaza kwa Kilatini chenyewe, na kitenzi chake kilikuwa renuntiare. Mleta mada, hiyo resignare yako hata Papa hakuitaka. Kaa, mdogo wangu.

Mleta mada: Na wewe tena??

Mchele Mbeya: Ule keki.

Dada Notisi: Nyie mnacheza. Mimi nimeandika barua ya kuacha kazi, nimetoa notisi ya siku 28 kama sheria inavyotaka, bosi hataki hata kuigusa. Wiki ya pili hii.

Bi Shangazi: Peleka nakala mbili masjala, yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Dada Notisi: Masjala wanasema muhuri anao bosi.

Kigoma Mwisho wa Reli: Wa kwetu anaufungia kwenye gari. Akisafiri, ofisi nzima inasafiri.

Mzee wa Kahawa: Wa kwetu ulipotea tangu mwaka jana, barua zinapokelewa kwa dole gumba.