Gemu la dola 70 halafu napewa kazi za kibarua?! Wakuu nimechoka na magemu ya siku hizi

Wakuu salama? Mi huwa napita humu nasoma naondoka, ila leo nimekereka na nisipoandika sitalala. Ni saa nane usiku hapa, pedi ya kuchezea gemu nimeiweka chini sasa hivi na sina hamu ya kuishika tena.

Iko hivi. Mwezi uliopita nilijichanga nikanunua gemu, haya ya ramani kubwa ambayo unazurura unavyotaka, una farasi, una upanga, una mapango na milima ya theluji. Jina silitaji, mliolicheza mtalijua kwa maelezo. Bei dola 70, piga kwa hela yetu ni zaidi ya laki na nusu. Lenyewe GB 100 na kitu, nikawa naunga bando za usiku siku nne mfululizo, naamka saa tisa kuangalia limefika asilimia ngapi kama mtu anayelea mtoto mgonjwa. Likakubali. Nikacheza. Na nisiwe muongo, saa kumi za kwanza nilikuwa na furaha kweli, grafiki zinang'aa, mvua ikinyesha nguo ya jamaa inalowa, stori imeanza na moto, nikasema hapa hela yangu imefika.

Sasa subirini. Kambi ya kwanza unajificha kwenye majani, unapiga mluzi, mlinzi anakuja anasema sijui nini hicho, unammaliza, unamvuta kwenye majani, unafungua sanduku, unamfungulia mateka, kambi imekuwa yako, muziki wa ushindi. Safi. Kambi ya pili hivyohivyo, sawa, najifunza. Kambi ya kumi na nne mluzi uleule, majani yaleyale, mlinzi anasema sentensi ileile, na mateka ananishukuru kwa maneno yaleyale kwa sauti ileile kabisa kana kwamba ni mtu mmoja ananitangulia kila kambi anajifunga kamba. Nimefika kambi ya 37 usiku huu. Thelathini na saba! Na katikati kuna minara, unapanda mnara, ramani inafunguka, alama zinamwagika kama upele, hapa sanduku, hapa unyoya, hapa bibi kapoteza mbuzi.

Utasema si uache hizo ufuate stori. Ndicho kilichonitoa machozi. Stori imefungwa! Misheni inayofuata inataka levo (kiwango cha nguvu za jamaa yako) 28 na mimi nipo 23, nikienda kichwakichwa mlinzi wa kawaida ananipiga pigo moja chali, mimi nikimpiga mapanga ishirini hata hatikisiki. Kwahiyo mbuzi wa bibi natakiwa nikamtafute nitake nisitake.

Halafu nikiwa nimechoka nafungua duka la humohumo ndani ya gemu nakuta wanauza kitu cha kukuzidishia pointi ili levo zipande haraka. Kwa hela halisi, mbali na zile dola 70. Nilikaa naangalia ile skrini kama dakika tano. Yaani mtu kakuuzia gemu, halafu anakuuzia na njia ya kuliruka gemu lenyewe! Mama ntilie akikuuzia wali halafu pembeni akawa anauza dawa ya kuumeza bila kutafuna, si utajua kabisa kwamba huyu mama wali wake anaujua? Wanajua jamani. Hizo kazi hawakuziweka kwa bahati mbaya, wanajua zinachosha ndio maana kuchoka kwetu wamekupangia bei.

Sasa najua kuna mtu vidole vinamuwasha anataka kuandika "mkuu kila gemu ni kurudia". Tulia mkuu. Mimi kurudia nakujua vizuri kuliko wewe.

Mimi nimekulia Morogoro, kulikuwa na banda la gemu nyuma ya soko, mashine mbili za PS2, TV za kichogo, benchi la mbao. Mwenye banda memori kadi, ile ya kuhifadhia ulipofika, alikuwa hatupi, anasema tutaiharibu. Mnaelewa maana yake? Tulikuwa tunacheza GTA San Andreas BILA KUSEVU. Kila ukilipia nusu saa yako unaanza moja, CJ, yule jamaa unayemchezesha, anashushwa kwenye gari la polisi, anapata baiskeli, makaburini, maadui wa genge la Ballas wanawafukuza, mnapiga pedeli na washikaji wake Big Smoke na Ryder mpaka mtaani kwao Grove Street, kesho yake kinyozi na pizza, dakika zimeisha, kuna mwenzio amesimama mgongoni kwako na mia tatu mkononi. Kesho kutwa unaanza tena CJ anashushwa kwenye gari. Nimeendesha ile baiskeli labda mara mia. Na sikuwahi kuchoka hata siku moja wakuu, nawaambia ukweli, nilikuwa natoka shule nakimbia.

Kwanini? Nimekuwa najiuliza usiku huu wote. Jibu ninaloliona mimi ni kwamba baiskeli ile hakuna aliyenipangia nifanye nini nayo. Leo nawafuata kina Ryder, kesho nawaacha waende zao mimi naenda ufukweni, keshokutwa namlisha CJ mapizza mpaka ananenepa anashindwa kukimbia banda zima linacheka, siku nyingine tunachezea chiti, zile kodi za siri za vitufe, zilizoandikwa kwa peni ukutani, R1, R2, L1, X, kushoto, chini, kulia, juu, kushoto, chini, kulia, juu, hela na bulletproof zinaingia. Na baadaye nilipopata PS2 yangu nikasevu, nikagundua kumbe mbele huko misheni hazifanani kabisa! Unaipanda pikipiki unakimbizana na treni Big Smoke yuko nyuma anarusha risasi, unachoma shamba la bangi kwa mtungi wa moto, unasoma shule ya kuendesha ndege (hiyo shule Mungu anajua), unavamia kasino, unaiba jetpack, mashine ya kurukia ya mgongoni, kwenye kambi ya jeshi. Gemu la 2004 hilo! Na vya kukusanya vilikuwepo, michoro ya ukutani 100 mji wa Los Santos, chaza 50 chini ya maji, ila havikuwa vimekuzibia stori. Ungeweza kumaliza gemu bila kuzamia kutafuta chaza zote hamsini na hakuna mlinzi ambaye angekataa kufa eti kwa sababu chaza hazijatimia.

Need for Speed Most Wanted ile ya 2005, gemu la resi za magari, ndio mfano wangu mkubwa, kwa sababu ile ukiitazama kwenye karatasi ni marudio matupu. Orodha ya watu 15, kila mtu unafanya yaleyale, shinda resi kadhaa, wasumbue polisi ufikishe idadi, halafu mwite mwenyewe mkimbizane, mpaka ufike kwa Razor, namba moja, aliyekunyang'anya ile BMW mwanzoni. Mara 15 mfumo uleule! Lakini polisi wa lile gemu hawakuja namna moja. Mara wanakuwekea misumari, mara wameziba barabara, mara helikopta imeshuka mpaka usawa wa bodi, wewe unakata kona unagonga lile sanamu kubwa la donati linawaangukia, unajificha uwanjani umesimamisha gari moyo unadunda kule pembeni king'ora kinapita. Hilo ndilo ninalolitaka, mfumo uwe mmoja sawa ila kila nikiingia kitokee kitu ambacho hata aliyetengeneza hakukipanga kitokee dakika hiyo. Kambi ya 37 hakuna kitu kama hicho, mlinzi anazunguka mstari wake kama saa ya ukutani.

Hata nyoka wa Nokia, hata Tetris yenye vipande saba tu tangu 1984 Moscow huko, watu wanacheza mpaka leo. Kipande kinachokuja hukijui na kosa ni lako mwenyewe. Imeisha hiyo.

Na msidhani nawaonea watengenezaji kwamba haiwezekani ramani kubwa ikawa tamu. Assassin's Creed ya kwanza, 2007, watu waliilalamikia hivihivi, kila mji ni kukaa benchi kusikiliza umbea, kuchomoa barua mfukoni mwa mtu, kumpiga mmoja ngumi aongee, ndipo uruhusiwe kwenda kumuua mlengwa, na walengwa tisa. Miaka miwili baadaye ikaja ya pili na ule utaratibu wameutupa, stori ya jamaa mpya, Ezio, ikatembea. Kumbe wakisikia wanaweza! Zelda Breath of the Wild ya 2017 imeficha mbegu 900 za Korok, vijitu vya msituni, nasema mia tisa, lakini 441 tu zinatosha kupanua mifuko yako yote na ukizimaliza zote zawadi yako ni kinyesi cha dhahabu, kweli kabisa. Hawakukudanganya kwamba kuna hazina mwishoni. Unaiokota unapokutana nayo juu ya mlima uliopanda kwa hamu zako, basi. Na Hades ya 2020 ndio imeniua kabisa, gemu ambalo kazi yake YOTE ni kufa na kuanza upya, unatoroka kuzimu unakufa unarudi kwenye lile dimbwi la damu, lakini kila ukirudi nyumbani kuna mtu ana neno jipya la kukwambia, baba mtu anakusema, silaha nyingine, nguvu nyingine. Nimekufa humo kuliko nilivyopiga mluzi kwenye majani na nilikuwa nasikitika likiisha.

Magemu ya mpira nisiyaseme sana maana hasira zitaongezeka. Mpira ni marudio tangu enzi, uwanja mmoja watu 11 kwa 11, ila bandani utamu ulikuwa yule aliyekaa kulia kwako. PES 6 jamaa anachukua Inter, mpira wote kwa Adriano, shuti 99, unajua kabisa anataka kupiga kutoka mbali na bado unafungwa, benchi lote linakuimbia unatoa pedi unapisha. Na ukiwa peke yako kuna Master League, ile ya kuijenga timu yako msimu hadi msimu, unaanza na akina Castolo na Minanda, watu wasiokuwepo duniani, unawapenda kuliko ndugu zako. 2021 wakaua jina la PES wakaleta eFootball, ikatoka mbovu watu wanacheka zile sura za wachezaji mpaka kampuni ikaomba radhi, na Master League haikuwemo. Upande wa pili, kwenye FIFA (siku hizi inaitwa EA Sports FC), nako ni pakiti za wachezaji, unanunua hujui humo ndani kuna nani. Ubelgiji 2018 walitamka wazi huko ni kucheza kamari, mwaka uliofuata zile pointi za FIFA zikaacha kuuzwa kwao. Sisi huku nani anatusemea? Dogo anatoa hela ya simu ya mama yake anafungua pakiti anapata beki wa akiba.

Mimi naona shida ilianza walipoanza kulipima gemu kwa masaa. Tangazo linakwambia ramani ni kubwa kuliko ya mwanzo, saa mia za kucheza, na sisi tulipiga makofi, tulikuwa tunaona saa nyingi ndio thamani ya hela. Halafu masaa hayajai yenyewe, stori nzuri inaandikwa na watu na watu ni gharama, kunakili kambi ni rahisi. Ikaja na ile ya kukuhesabia siku, ingia leo upate zawadi, ingia kesho, ukikosa siku moja unaanza upya. Mimi nina kazi jamani! Naamka saa kumi na moja niwahi gari, bosi ananipangia kazi mpaka jioni, narudi nimechoka nimeoga nimekaa, halafu gemu nililolinunua kwa jasho langu nalo linanipangia kazi za leo na za wiki na kunipa tiki!

NYONGEZA: Nimerudi baada ya kulala kidogo, naona kuna wakuu wanne wamesema eti gemu halina tatizo, ni mimi nimekuwa mtu mzima na nakumbuka utoto. Nililiwaza hilo kabla hamjaliandika. Mdogo wangu yuko form six, yupo likizo hapa kwangu, bandani hajawahi kukanyaga, hana utoto wa PS2 wa kuukumbuka. Juzijuzi nilimpa pedi na hilohilo gemu bila kumwambia chochote. Siku ya kwanza alisahau kula. Siku ya tatu nilikuwa jikoni nikamsikia ananiita, "Kaka, hii si ndo kambi ya jana?" Nikamwambia hapana, ni nyingine. Akaangalia ramani, akaniangalia mimi, akaweka pedi mezani akaenda kuanua nguo.

Nimelifuta asubuhi hii. Ningenunua sidi ningemuuzia mtu, ila nilidaunlodi kwahiyo hela imekwenda. Dogo ameweka Most Wanted kwenye laptop, tumeunga pedi moja, tupo mtu wa tano kwenye orodha, na anayekamatwa na polisi anatoa pedi.