Tupeane uzoefu: mtoto wako kagonga mtu na gari lako, bima ilisemaje?

Wadau wa Mwanza na Kanda ya Ziwa, naanza na langu.

Kijana wangu ana miaka 16. Jumapili moja nimejilaza baada ya chakula, akachukua ufunguo wa gari langu, Toyota IST, juu ya friji ili asogeze gari aioshe. Kwetu ni Nyakato, juu kwenye mawe, na njia inateremka moja kwa moja hadi barabarani. Gari likamshinda, likashuka, likamkuta kijana wa bodaboda kaegesha anasubiri abiria. Mguu ukavunjika mara mbili.

Natoka nje, mwanangu anatetemeka, majeruhi analia, na wenzake wa kijiweni wameshajaa. Jirani akaninong'oneza niseme nilikuwa naendesha mimi. Alinionea huruma, lakini nilikataa, na namshukuru Mungu. Ukidanganya polisi na bima wakagundua, umejitengenezea kesi ya pili. Tukachukua PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, majeruhi akapelekwa hospitali ya Bugando, trafiki wakaja kupima na kuchora ramani ya ajali.

Nina bima kubwa, ile inayofidia hata gari lako mwenyewe, nikadhani nimepona. Gari langu sikulipwa hata taa, maana aliyeendesha hakuwa na leseni na sharti hilo limo kwenye mkataba. Sikuwahi kuusoma. Kuhusu majeruhi nilielezwa kwamba bima ya lazima ipo kwa ajili yake, mtu wa tatu, hivyo kosa la mwanangu halimnyimi fidia, ila kampuni ikishamlipa inaweza kunigeukia mimi. Polisi nako nikaambiwa nina kosa la kumwachia gari mtu asiye na leseni. Nikasema sikumruhusu. Wakaniuliza, "Ufunguo ulikuwa wapi?" Swali hilo linaniuma mpaka leo.

Matibabu nililipa mfukoni, sikusubiri karatasi. Halafu kuna jambo ambalo hakuna fomu iliyoliuliza: pikipiki ile ilikuwa ya mkataba. Hesabu ya tajiri, yaani mwenye pikipiki, inatakiwa kila jioni, mguu uvunjike usivunjike, na nyumbani ana mtoto mchanga. Tuliandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa nipeleke hesabu hiyo mpaka apone. Miezi mitano. Niliuza ng'ombe wawili kijijini, na sijutii.

Karibuni.

Mama Buswelu: Pole sana baba. Wangu ana miaka 19, alikuwa na leseni ya kujifunzia. Akaenda Kisesa peke yake, akavunja ukuta wa watu. Bima wakauliza nani mwenye leseni kamili alikuwa pembeni yake. Hakuna. Ukuta nimejenga mimi.

Dereva Buhongwa: Mimi niligongwa. Binti wa shule ya sekondari aliingia ubavuni mwa daladala yangu, baba yake akaja mbio, tukamalizana pale pale barabarani kwa karatasi ya daftari. Wiki ya pili simu haipatikani. Naenda bima, wanataka ripoti ya polisi, sina. Ndugu zangu, hata mkielewana namna gani, trafiki apime kwanza.

Kirumba: Hakikini na stika zenu za bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima. Yangu niliuziwa na wakala, nikaja kuitafuta haimo.

Mama Buswelu: Baba, na kesi ya kijana iliishia wapi?

Mleta mada: Kwa kuwa hajafika miaka 18 suala lake lilikwenda kwa utaratibu wa watoto, afisa ustawi wa jamii akiwepo. Hakulala rumande. Yule wa bodaboda sasa anatembea na fimbo, na kijana wangu huenda kumsalimia kila Jumamosi. Mara ya kwanza nilimpeleka, siku hizi anakwenda mwenyewe.

Kwa mwenye uzoefu: kuna aliyewahi kudaiwa na kampuni baada ya kumlipa majeruhi? Walikubali ulipe kwa awamu, au walikupeleka mahakamani moja kwa moja? Barua yangu naitegemea wakati wowote.