Ndege za jeshi zatoa namba na kimo lakini haziko kwenye ramani: antene au transponda?

Katuba1090 anauliza:

Jambo wandugu. Risiva yangu ya kushika ishara za ndege iko Katuba, Lubumbashi. Ni kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 3, kipokezi cha redio RTL-SDR Blog V3, programu ya readsb inayosoma ujumbe wa ndege, pamoja na tar1090 inayozichora kwenye ramani. Antene ni ya kutengeneza kwa mkono, iko mita 10 kutoka chini, juu ya malata, na kable ni RG-58 ya mita 12. Ndege za abiria zinazopita juu zinashikika mpaka kilomita 220 hivi. Lakini zile zenye namba za jeshi (kadhaa zinaanza na AE, moja na 43C) zinaingia kwenye orodha tu: namba, kimo, basi. Alama kwenye ramani hakuna. Ile ya 43C ilileta ujumbe mmoja ikanyamaza. Mitandao mikubwa ya kufuatilia ndege nayo haionyeshi kitu. Nirekebishe nini?

FundiWaAntene:

Mukubwa, hapo una matatizo mawili tofauti. Mimi nachukua la antene, la transponda (kifaa cha ndege kinachojibu kwa redio kikiulizwa) nawaachia wengine.

Anza na kable. RG-58 kwenye megahezi 1090 inapoteza karibu desibeli 0.65 kwa kila mita. Kwa mita 12 ni karibu desibeli 8, maana yake kinachofika kwenye risiva ni kama sehemu moja kati ya sita ya kile antene ilichoshika. Weka RG-6, ile ya dishi la televisheni: inapoteza kama 0.2 kwa mita. Ni ya omu 75, si 50, lakini hasara ya tofauti hiyo ni ndogo mno, usihangaike nayo. Kuna njia bora zaidi: panda na Pi yenyewe juu ndani ya sanduku lisiloingiza maji, kable ya antene ibaki mita 1, ushushe waya wa mtandao badala ya waya wa redio.

Urefu wa wimbi ni sentimita 27.5, kwa hiyo kijiti cha katikati kiwe milimita 68 au 69, kikiwa na miguu minne ya urefu huohuo iliyoinamishwa nyuzi 45 kwenda chini. Ukikosea milimita 5 utaona tofauti. Viungio vyote vizungushie mpira wa kuzuia maji kabla ya mwezi wa kumi na moja, na kable ifanye kitanzi chini ya kiungio ili maji yadondokee hapo. Radi ikianza, chomoa antene.

Kama kuna mnara wa simu karibu, ishara za megahezi 900 zinaziba risiva hata gain (ukuzaji wa ishara) ikiwa nzuri. Dalili yake ni hii: ukipunguza gain, ujumbe unaongezeka. Dawa ni kichujio cha 1090 kabla ya kiongeza nguvu, si baada yake.

Halafu kuna upeo wa macho, ambao hakuna antene inayoushinda. Umbali kwa kilomita ni 4.12 mara jumla ya vipeuo vya pili vya vimo viwili (chako na cha ndege) kwa mita. Ndege iliyo mita 9,400 juu ya ardhi yetu inafika karibu kilomita 410. Kolwezi iko kilomita 240 hivi kwa mstari ulionyooka: ndege inayoshuka huko inakupotea ikifika mita 3,000 juu ya ardhi. Ndola, kilomita 195, inakupotea kwenye mita 2,000. Ndege nyingi zinazosemekana «zimezima transponda» zimeingia tu chini ya upeo.

Luano_ModeS:

Sasa hili la pili. ADS-B, mfumo unaoweka alama kwenye ramani yako, si rada. Ndege yenyewe inasoma GPS yake na kuitangaza, karibu mara 2 kwa sekunde, ndani ya ujumbe wa aina ya DF17. Isipotangaza, huwezi kuilazimisha. Na wa kijeshi hawabanwi kama wa kiraia: Mkataba wa Chicago wa 1944, kifungu cha 3, unaziweka ndege za jeshi, forodha na polisi nje ya sheria zake.

Rubani anaweza kunyamazisha mahali huku transponda ikiendelea kujibu. Hapo unapata DF11, ambayo hutoka yenyewe karibu kila sekunde ikiwa na namba tu, na DF0, majibu kwa kifaa cha kuzuia kugongana cha ndege ya abiria inayopita karibu. DF0 ina kimo, haina mahali. Ndicho unachokiona. Kwa hiyo zile za AE si kosa lako.

Ila 43C yenye ujumbe mmoja ifute. Katika DF0, DF4, DF5 na DF20 namba ya ndege imechanganywa na tarakimu za kukagua makosa, hivyo kelele za redio zinaweza kuzaa namba yoyote, hata ya jeshi la Uingereza. Fungua aircraft.json, faili ya readsb yenye orodha ya ndege, uangalie `messages`, yaani idadi ya ujumbe: chini ya 10, usiandike popote kwamba ndege ilipita. Angalia na `type`: `adsb_icao` imetangaza mahali pake, `mode_s` haikutangaza, `mlat` mahali pake pamekokotolewa na risiva kadhaa kwa tofauti za muda wa ujumbe kufika.

Namba nazo zina mitego. ADF7C8 hadi AFFFFF ni za jeshi la Marekani, 43C000 hadi 43CFFF za Uingereza. Za Kongo yetu ni 08C000 hadi 08CFFF, lakini ndani ya fungu hilo kuwa na 08C hakukuambii kama ni ya jeshi au ya kiraia. Jina la mwito UNO ni la Umoja wa Mataifa, na mara nyingi ndege hizo ni za kukodi zenye namba za kiraia. Kitufe cha U kwenye tar1090 kinachuja kwa kufuata orodha iliyokusanywa na watu, na orodha ina makosa.

Na pale alama ipo, soma `nic`, kiwango cha uhakika wa mahali, kabla ya kuiamini. Ikishuka ghafla mpaka 0 kwa ndege kadhaa pamoja, GPS ya eneo hilo inasumbuliwa.

Katuba1090:

Aksanti sana wakubwa. Nimeelewa DF0. Sasa MLAT inaweza kunipa mahali pa hizo za AE?

Kipushi_SDR:

Inaweza, kwa risiva angalau 4 zinazosikia ujumbe uleule, kila moja ikiwa imeandikwa mahali pake kwa usahihi wa mita 10, pamoja na kimo cha antene. Za Lubumbashi, Kipushi, Likasi na Kasumbalesa zingekuwa zimeachana. Zikiwa zote ndani ya mji mmoja, hesabu inatoa mahali pa ovyo. Ndege ya chini haitasikika kwa zote nne, kwa hiyo tarajia matokeo kwa zile za juu tu.

Mitandao mikubwa: baadhi inaficha ndege kwa ombi la mwenyewe, na ADS-B Exchange inajulikana kwa kutochuja. Lakini huku kwetu sababu kubwa ni kwamba risiva ni chache, basi hakuna aliyesikia.

Saa za kumbukumbu ni za UTC. Ongeza 2: 14:00 ni saa kumi alasiri hapa.

Na tafadhali, ndege inayoelekea kutua mahali penye vita usiiweke mtandaoni ikiwa bado angani. Ina watu ndani, na mara nyingine ni wagonjwa au chakula. Subiri siku kadhaa, taarifa yako haitaharibika.

FundiWaAntene:

Nilisahau umeme. Pi 3 na kifaa chake vinakula kama wati 5. Batri ya asidi ya volti 12, Ah 20, ukiitumia nusu tu, inakupa saa 24. Kipunguza volti kitoe 5.1 kwenye waya mfupi mnene, kwani mwembamba unashusha volti na Pi inajizima yenyewe. Historia iandikwe kwenye RAM, inakiliwe kwenye kadi mara moja kwa siku. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, kadi inakufa.