Nyumba ya mawe ya guka (babu) huku Njoro, Nakuru, nipige plasta ya simiti au niache?

Mjukuu wa Njoro:
Wadau habari zenu. Guka alinunua shamba kwa mzungu fulani baada ya uhuru, ndani kuna nyumba ya mawe, veranda pana, dohani mbili, dari la mbao. Sasa ni yetu wajukuu, na ukuta wa upande wa mvua unameguka, ukipitisha kidole jiwe linatoa unga. Ni ule ule ukuta baba aliupiga plasta ya simiti! Fundi anataka tupige nyumba yote tumalizane lakini roho inasita, mnasemaje?

Fundi Mawe:
Ndugu yangu usikubali. Nyumba nyingi za wakati huo zilijengwa kwa chokaa, na mawe yetu huku ni ya volkano, laini, yanafyonza maji. Chokaa inaachia unyevu utoke, simiti inaufungia ndani, sasa maji yanatafuta njia kwa jiwe lenyewe, chumvi inajikusanya hapo na jiwe linakuwa unga, ndio hiyo umeona. Bandua pole pole na tindo, grinda hapana, halafu jointi ujaze chokaa na mchanga, moja kwa tatu. Lakini kwanza angalia gata, ile mifereji ya maji ya paa!!

Mama Ngata:
Mimi niko karibu na kasri la Lord Egerton, yule mlowezi Mwingereza, na wageni wangu wote huwapeleka. Alianza kulijenga 1938 likaisha 1954, vyumba 52, akiiga kwao Tatton Park kule Uingereza. Watu wanataka tu kile kisa cha mwanamke aliyemkataa, mimi nawaambia angalieni mawe, yako wazi nje hayajafunikwa plasta na ndio uzuri wenyewe. Usimfunike guka wako tafadhali.

Mjukuu wa Njoro:
Asanteni sana. Leo nimebandua kipande kama sahani, jiwe limelowa kabisa na hatujaona mvua wiki tatu. Halafu pembeni kuna alama za tindo, mistari midogo midogo ya yule aliyelichonga, nimesimama hapo muda mrefu. Fundi nimemwambia asubiri. Chokaa ninunue gani?

Fundi Mawe:
Unga mweupe mtupu, isiwe imechanganywa na simiti. Iloweke siku kadhaa iwe kama uji mzito ndio utie mchanga, na uvae glavu, inachoma.