Pesa za kaunti zikichelewa, kosa ni la Hazina au la magavana?

Mkaazi_Kayole
Naomba tusizunguke. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inaitaka Hazina ya Kitaifa ipeleke pesa za kaunti kabla ya siku 15 za kwanza za kila robo ya mwaka kuisha. Kifungu cha 219 cha Katiba nacho kinasema zipelekwe bila kucheleweshwa wala kukatwa. Lakini kila mwaka wa fedha ukianza, wauguzi wanadai mishahara na zahanati hazina dawa. Ni Hazina inayozikalia, au magavana wanatafuta pa kujifichia?

Karani_wa_Vitabu
Fuata njia ya pesa yenyewe. Lazima kwanza Bunge lipitishe sheria mbili: moja inagawa mapato kati ya serikali kuu na kaunti zote kwa jumla, nyingine inaipa kila kaunti fungu lake. Hazina ya Kitaifa ikishatuma, pesa huingia katika Hazina ya Mapato ya Kaunti, yaani akaunti ya kaunti yenyewe iliyoko Benki Kuu. Zikifika hapo bado hazitumiki. Kaunti inaandika ombi kwa Msimamizi wa Bajeti, naye akiidhinisha ndipo malipo yanaingizwa kwenye IFMIS, mfumo wa kompyuta wa malipo ya serikali.

Maombi mengi hurudishwa kwa makosa ya mezani: kiasi hakilingani na bajeti iliyopitishwa na bunge la kaunti, au stakabadhi za kuunga mkono hazimo. Hazina ikichelewa wiki tatu na kaunti ikachelewa mbili, zahanati imekaa wiki tano bila dawa. Wote wawili wana makosa.

Sauti_ya_Ugatuzi
Usiwaweke kwenye mizani moja, Karani. Pesa isipokuja, gavana hukopa benki ili alipe mishahara, na riba yake haikuwa kwenye bajeti. KEMSA, shirika la serikali linalouzia kaunti dawa, ikidai deni la zamani, inapunguza dawa. Halafu Hazina inamwaga mabilioni Juni ikiyoyoma. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30, IFMIS imejaa foleni, na kile kisicholipwa kinasubiri bajeti ya ziada. Mkandarasi aliyemaliza kazi Machi anageuka kuwa deni. Halafu tunaambiwa kaunti zimeshindwa kutumia pesa! Na hata hiyo asilimia 15 ya mapato ya mwaka ambayo Katiba inatupa hatuioni.

Wakili_Upperhill
Si mapato ya mwaka huu. Soma 203(3): hesabu inafanywa kwa mapato ya hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa. Wabunge wakichelewa kuidhinisha, mnapimiwa kwa mapato ya miaka iliyopita huku bei zikiwa za leo. Hapo ndipo pa kupigania. Na asilimia 15 ni sakafu, yaani kiwango cha chini kabisa. Mwaka 2019 Seneti ilitaka kaunti zipewe bilioni 335, Bunge la Kitaifa likagoma, zikaishia 316.5, na kaunti zilikaa miezi bila senti wakati wakubwa wakivutana.

Jiji_Letu
Kabla ya kuililia Hazina, tuulize kwa nini pesa zinapelekwa kusiko na watu. Kaunti zilipogawana bilioni 370, Nairobi ilipata kama 19.2 na Lamu 3.1. Gawanya kwa sensa ya 2019. Mkazi wa Nairobi anapata kama shilingi 4,400, wa Lamu zaidi ya 21,000. Mtu mmoja, shilingi moja!

Bin_Amu
Kusiko na watu? Sensa hiyo hiyo ilihesabu watu 143,920 Lamu. Sisi ni nini, ndugu yangu?

Hospitali ya kaunti haipungui ukubwa kwa sababu wagonjwa ni wachache. Chumba cha upasuaji ni kile kile, jenereta ni ile ile, daktari wa usingizi ni yule yule. Kisha mpeleke mama mwenye uchungu kutoka Kiunga, kule karibu na mpaka wa Somalia, wakati wa kusi bahari ikichafuka. Unahitaji boti, injini mbili maana moja ikizima baharini umekwisha, petroli, nahodha, na jokofu la chanjo linaloshika baridi hadi kisiwani. Fomyula ya 2020 ya kugawa pesa za kaunti ilitenga asilimia 20 igawanywe sawa kwa kaunti zote 47 kwa sababu hiyo.

Jiji_Letu
Na mzigo wa Nairobi? Watu wa Kiambu, Machakos na Kajiado wanajifungulia hospitali yetu ya Pumwani na kutibiwa ile ya Mama Lucy. Nani anatulipia?

Karani_wa_Vitabu
Fomyula hiyo iliipa afya asilimia 17, na ndani yake zimo ziara za wagonjwa wasiolazwa na siku za kulazwa. Anayetibiwa Mama Lucy amehesabiwa Nairobi, atoke Ruiru atoke Mlolongo. Zaidi ya hayo Nairobi ina ada za maegesho, ada za ardhi na leseni za biashara. Lamu itoze maegesho ya nani?

Sauti_ya_Ugatuzi
Jiji_Letu mnasahau upesi. Februari 2020 Nairobi ilikabidhi serikali kuu afya, usafiri, ujenzi wa umma na mipango, ikaletwa NMS, idara ya serikali kuu ya kuendesha huduma hizo, chini ya Jenerali Badi. Sonko, gavana wa Nairobi wakati huo, akakataa kutia sahihi bajeti iliyoipa NMS pesa. Pesa za jiji zilikwama hapa hapa City Hall, Lamu haikuhusika.

Jiji_Letu
Usinifanye mtetezi wa Sonko. Nilitaja shilingi, wewe unaleta majenerali.

Mkaazi_Kayole
Nami swali langu limeachwa njiani. Hata barabara ni hivyo hivyo. Ushuru wa mafuta wa kukarabati barabara ulipanda toka shilingi 18 hadi 25 kwa lita Julai 2024, na magavana na wabunge wakavutana juu ya bilioni 10.5 za ushuru huo.

Wakili_Upperhill
Kwa sababu asilimia 22 ya ushuru huo hugawiwa maeneo bunge 290. Mbunge akiachilia barabara, ameachilia greda anayoonekana nayo kijijini. Hakuna siri.

Karani_wa_Vitabu
Mkaazi, jibu lako liko kwenye tarehe tatu: siku pesa zilipoingia Benki Kuu, siku kaunti ilipotuma ombi, siku lilipoidhinishwa. Pengo kabla ya tarehe ya kwanza ni la Hazina. Kati ya ya kwanza na ya pili, ni la gavana. Kati ya ya pili na ya tatu, ni la Msimamizi wa Bajeti, au la kaunti ikiwa ombi lilirudishwa kwa makosa. Anza na ripoti za robo mwaka za Msimamizi wa Bajeti. Kilichokosekana humo kiombe kwa maandishi, kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kupata habari.

Bin_Amu
Hayo sawa. Lakini Jiji_Letu hajanijibu. Ukishagawa shilingi kwa kichwa, zahanati ya Kiunga unaifunga au huifungi?