M35A2 imekamilika, sasa deraya ya mfano: nitumie pleti za mm 6 nilizonazo?

Mpenda_Malori_Dom

Wakuu, habari za kazi. Lori ni M35A2 ya Marekani, ile ya tani mbili na nusu yenye matairi kumi. Injini, breki na waya zimekwisha, gari linatembea. Lipo karakana Kizota, Dodoma. Kilichobaki ni boksi la deraya kwenye bodi ya mizigo, mfano wa yale malori ya kulinda misafara ya Vietnam. Matumizi yake ni maonesho na kukodisha kwa watu wa filamu, hakuna risasi itakayopigwa popote.

Ndani ya bodi nimepata nafasi ya m 3.6 kwa m 2.2, na kuta nataka ziwe na kimo cha m 1.2. Nina pleti tatu za futi 4 kwa 8, unene mm 6, zilizobaki kwenye kazi ya tenki. Fundi anasema niongeze mbili tu boksi lote liwe la mm 6, "liwe la kweli". Mimi uzito unanitia wasiwasi. Je, yupo sahihi? Na nikitumia bamba jembamba, nitafanyaje lisionekane kama debe? Boksi lishikizwe wapi, kwenye bodi au kwenye chesi?

ChumaBaridi

Mkuu, mm 6 achana nayo. Chuma cha unene wa mm 1 kina kilo 7.85 kwa mita ya mraba. Kuta zako nne zinafika mita za mraba 13.92. Zidisha kwa mm 6, unapata kilo 655, hapo bado fremu, milango na watu watakaopanda.

Kuna mtu atakuja hapa kusema M35A2 inabeba kilo 2,270 porini na mara mbili yake kwenye lami. Kubeba inabeba. Ila gunia la mahindi linalala sakafuni, ukuta unasimama. Kilo 655 zilizosimama zinapandisha kitovu cha uzito, na gari lenyewe tayari limekaa juu. Kwenye kona yenye kokoto utalisikia linaegemea tairi za nje. Halafu kumbuka breki za gari hili: hewa inasukuma mafuta, na mafuta yanapita njia moja kwa magurudumu yote. Paipu moja ikipasuka umekosa breki zote kwa pamoja. Gari la namna hiyo haliongezewi uzito wa bure.

Tumia bamba la geji 16, yaani mm 1.5. Ukuta wote wa nje utakuwa na kilo 164. Usichukue geji 18 kwa kuta, ni jembamba zaidi, litacheza kila lori likiruka tuta. Usichukue la mabati pia: zinki ikiungua kwenye kuchomelea inatoa moshi unaompa fundi homa usiku wake, na rangi hailishiki vizuri.

Fremu iwe skwea paipu ya 40 x 40, unene mm 2. Mzingo wa chini, mzingo wa juu, na nguzo kila sm 60 pande ndefu na kila sm 55 pande fupi. Hizo ni nguzo 20. Paipu tisa za m 6 zinatosha pamoja na viungo vya mshazari kwenye kona, jumla kilo 124 hivi.

Hapa sikiliza vizuri, maana ndipo wengi wanapoharibu bamba. Bamba lina m 2.44, nguzo yako ya nne, ukiacha ya kona, katikati yake iko m 2.40. Ukilifunga bila kulikata, kiungo kinaangukia hewani, sm 4 nje ya katikati ya nguzo. Kata hizo sm 4 kwanza. Bamba la m 2.40 na nusu bamba lililokatwa m 1.20 vinakupa m 3.60 kamili, na kiungo kinakaa katikati ya nguzo. Nusu mbili zinatoka bamba moja. Kwa hiyo pande ndefu mbili ni mabamba matatu, pande fupi ni moja moja. Matano kwa boksi, nunua saba ili mawili yaingie kwenye milango na mbele ya rejeta.

Upande wa ndani weka plaiwudi ya mm 9, kilo 75 hivi kwa kuta zote. Ukijumlisha kila kitu bado uko chini ya kilo 400.

Kumbukumbu_za_Chuma

Naunga mkono, na niongeze kwamba hata historia iko upande wa bamba jepesi kwa gari hili.

Malori haya yalianza baada ya shambulio la tarehe 2 Septemba 1967 kwenye Barabara ya 19, njia ya Qui Nhon kwenda Pleiku, dhidi ya msafara wa 8th Transportation Group, kikosi cha usafirishaji cha jeshi la Marekani. Ya kwanza yalikuwa M35 za kawaida zilizopangwa mifuko ya mchanga na mbao. Mvua ikanyesha, mchanga ukanywa maji, magari yakazidiwa. Wakahamia pleti za chuma, nazo zikailemea M35. Ndiyo maana baadaye kazi ikahamia M54 ya tani tano, na huko ndiko utakuta kuta mbili za chuma zenye nafasi katikati, hata maboksi yaliyokuwa bodi nzima ya M113, gari la deraya la kubebea askari, isiyo na injini. Lori halisi lililorudishwa Marekani kutoka vitani liko kwenye makumbusho ya usafirishaji ya jeshi lao, Fort Eustis, Virginia, nalo ni la tani tano.

Kwa hiyo kwa M35 jenga sura ya mwisho wa 1967: ukuta mmoja wa chuma nje, mbao ndani, mifuko kiasi sakafuni. Ukijenga kuta mbili za chuma juu ya M35, mtu anayejua ataona mara moja kwamba umevisha gari nguo ya kaka yake.

Plaiwudi usiiache laini. Pitisha msumeno kina cha mm 2 kila sm 15, mlalo, kisha paka mafuta ya injini yaliyochakaa kwa tambara na kufuta. Ukisimama mita moja utaona mbao zilizopangwa.

Na tafadhali, usipachike vichwa vya riveti. Riveti za duara ni za magari ya deraya ya Vita ya Kwanza, kama Rolls-Royce zilizotumika Afrika Mashariki mwaka 1916. Kuta za Vietnam zilikatwa kwa gesi, zikachomelewa na kufungwa bolti za vichwa vya pembe sita. Hakuna kinachoniuma kama kuona kazi nzuri imechanganywa miaka hamsini.

Mifuko: mmoja wa mchanga ni kilo 18 hadi 20. Mifuko 40 ni karibu kilo 800, umerudi kwenye shida ileile. Jaza vipande vya sponji ya magodoro, kisha mimina bakuli moja tu la mchanga ili kitako kilale. Gunia liwe la nyuzi za asili. Lile la plastiki jua la Dodoma linalisaga, kiangazi kimoja tu linapukutika mkononi. Pumba na vumbi la mbao usiweke, ekzosi ya gari hili imesimama kulia jirani na kabini.

Mpenda_Malori_Dom

Shukrani wakuu, mm 6 nimeiweka pembeni. Bado mambo mawili: fundi anasema mm 1.5 itajikunja kwenye moto, na ukingo wa juu utaonekana mwembamba. Na kushikiza?

Mchomeleaji_Chang'ombe

Fundi wako kwenye kujikunja anasema kweli, ila dawa ipo.

Fremu kwanza, juu ya sakafu iliyolingana. Shika viungo kwa pointi tu, kisha pima pembe kwa pembe. Mzingo wa 3.6 x 2.2 unatakiwa usome m 4.22 njia zote mbili. Ukitofautiana zaidi ya mm 5, gonga urudi sawa kabla ya kumaliza kuchomelea. Fremu iliyopinda hairekebishwi na bamba.

Bamba lisichomelewe mstari mrefu. Weka mishono ya mm 20, kila sm 15, pembeni tu, na uruke: mmoja kushoto, mwingine kulia, mwingine juu. Ukigusa chuma na huwezi kuacha kiganja, subiri. Mashine ya CO2 yenye waya wa 0.8 ndiyo inayofaa. Kama unayo ya vijiti tu, chukua vijiti aina ya E6013 vya mm 2.0, ampea 40 hadi 60. Vya 2.5 vitatoboa kingo.

Nguzo za katikati usichomelee kabisa. Bandika bamba kwa gundi ya poliyurethani, ile ya kubandikia vioo vya mbele vya magari. Paka gundi, bana kwa klempu, halafu shona pembeni kabla haijashika. Moto usikaribie gundi chini ya sm 10, moshi wake ni sumu. Bila gundi hiyo ukuta utapiga ngoma njia nzima.

Ukingo sasa. Mtu akitazama deraya haoni unene wa ukuta, anaona unene wa ukingo. Chukua fleti baa ya 20 x 10, ichomelee nyuma ya ukingo wa juu wa bamba, kisha jaza kiungo na kusaga. Jicho litasoma mm 11 na nusu. Fanya hivyohivyo kwenye kila tundu la kuchungulia na pembezoni mwa mlango wa boksi. Mzingo wote wa juu unaongeza kilo 18 tu. Mwisho chukua grenda yenye jiwe jembamba, ukwaruze ukingo mistari ya wima iliyolala kidogo, kina cha nusu mm, isiyolingana. Hiyo ndiyo alama inayoachwa na mkato wa gesi. Ukingo uliosagwa ukalainika kama meza ndio unaoumbua kazi.

Kushikiza: sakafu ya bodi, basi. Usifunge kwenye kabini wala chesi. Chesi ya lori inajinyonga likipita shimoni, na boksi lililounganishwa kabini na bodi kwa pamoja litapasua kitu, kwa kawaida ukuta wa nyuma wa kabini. Acha sm 10 wazi kati ya boksi na kabini. Hapa zile pleti zako za mm 6 zina kazi: kata vipande 20 vya sm 10 kwa 10. Kumi vichomelee chini ya fremu viwe masikio, kumi viende chini ya sakafu. Bolti za M12, daraja la 8.8, nati za kujifunga. Katikati weka vipande vya mpira wa tairi vilivyochanwa, visipowekwa chuma kitalia na kutafuna rangi. Baada ya safari ya kwanza ya barabara ya vumbi kaza tena zote, mpira utakuwa umelala.

Toboa mashimo ya mm 10 kwenye ukingo wa chini kila sm 60. Msimu wa Desemba hadi Aprili maji yakikaa kati ya bamba na plaiwudi, kutu inaanzia ndani na utaiona siku imeshatokeza nje.

ChumaBaridi

Mlango wa kabini: nyongeza isizidi kilo 10 kwa mlango, la sivyo bawaba zinashuka na kitasa hakikamati. Geji 18 inaruhusiwa hapo kwa sababu eneo ni dogo. Kinga ya rejeta ikae sm 10 mbele ya grili, kwa vipande vya mlalo vilivyoinama, na uwazi usiwe mdogo kuliko wa grili yenyewe. Wengi wanaweka bamba zima kwa ajili ya sura, gari linachemka Oktoba kabla halijafika mbali. Taa, vioo vya pembeni na namba ya gari visifunikwe.

Rangi_na_Makaratasi

Bamba jipya lina mafuta au ngozi nyeusi ya kiwandani. Mafuta futa kwa tina, ngozi nyeusi lazima isagwe, vinginevyo rangi itabanduka nayo kama ganda. Praima mara mbili, na ndani ya fremu pia kabla ya kufunga plaiwudi. Puliza asubuhi mapema. Upepo wa mchana wa Juni hadi Septemba hapa Dodoma unaleta vumbi likalala juu ya rangi mbichi, na hakuna msasa utakaorudisha uso uleule.

Rangi ya Marekani ya wakati ule ni kijani cha zeituni, namba FS 24087 kwenye orodha ya rangi ya serikali yao, yenye mng'ao kidogo. Mchanganyaji apewe sampuli ya kipande, asipewe maneno. Ila fikiria jambo moja: malori mengi ya aina hii baadaye yalipakwa rangi nyeusi na jina kubwa ubavuni. Boksi jeusi linakubalika kihistoria na haliwezi kudhaniwa gari la JWTZ. Gharama yake ni joto. Boksi jeusi saa nane mchana haliguswi kwa mkono mtupu, kwa hiyo weka turubai juu likiwa limeegeshwa.

Kabla ya kutoka barabarani, nenda polisi na picha za gari, ueleze matumizi na upate jibu la maandishi. Nakala ikae kwenye gari. Kadi inaandika rangi na aina ya bodi, kwa hiyo TRA nako upite. Bunduki za mfano, hata za mbao na bomba la plastiki, zisisafiri zikiwa zimesimikwa. Zifunguliwe, zifungwe ndani ya boksi, zisimikwe eneo la kazi tu.

Na upime mara mbili kwenye mizani ya magari ya Nala, kabla ya boksi na baada yake, ekseli kwa ekseli. Tofauti ikizidi kilo 450, kuna mtu ameongeza chuma ambacho hakikuwa kwenye mchoro. Kitafute kwanza kwenye kona na mlango wa nyuma, huko ndiko mafundi hupenda kuimarisha bila kuambiwa.